Kuishi kandoni mwa Ghuba ya Chwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza ni walewale: mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi Chwaka au Marumbi, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, na hajawahi kukaa shamba, mtu wa mjini aliyechoka na kelele za Darajani anayetafuta kiwanja, kijana wa Bara aliyeoa huku, na Mzanzibari wa ng'ambo anayetaka kujenga kabla hajazeeka. Majibu haya ni ya mkaazi, si ya dalali.

Hili ni ziwa au ni bahari?

Ni bahari, ingawa namwelewa anayeuliza. Simama Marumbi maji yakiwa yamejaa na upepo umelala. Ng'ambo unaiona rasi ya Michamvi, upande wa kusini mikoko imesimama kama ukuta, na wimbi huoni hata moja. Lakini Unguja haina ziwa la maji baridi la kuitwa ziwa, na hakuna mto wa kudumu unaomwaga kwenye ghuba hii. Maji ni ya chumvi, yanaingia na kutoka kwa mlango ulio upande wa kaskazini mashariki, na rasi ya Michamvi ndiyo inayotukinga na bahari kuu. Mvua inayonyesha juu ya maweni haitiririki juu ya ardhi. Inazama kwenye nyufa za mawe na kutokea pwani chini kwa chini.

Liweke akilini hilo, maana karibu kila jibu hapa chini, kuanzia kisima mpaka bati la nyumba, linatokana na chumvi au na kupwa na kujaa.

Jana jioni maji yalikuwa karibu na minazi. Leo asubuhi hayapo kabisa. Yamekwenda wapi?

Yamepwa, na yatarudi. Ghuba yetu haina kina kirefu, kwa hiyo maji yakitoka yanaacha wazi eneo kubwa la tope, mchanga na majani ya bahari, na mtu anaweza kutembea mbali sana kabla hajalowa magoti.

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti inashuka mpaka mita moja hivi.

Kwa Unguja, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yanageuka: saa kumi jioni ndipo yanapokupwa. Ndiyo maana watu wa hapa wanaifuata tarehe ya mwezi wa Kiislamu hata kwa shughuli zisizohusiana na ibada. Ukiijua tarehe ya mwezi, saa ya maji unaijua bila kwenda kuyatazama.

Faida ya haraka kwa mtafuta kiwanja: dalali hodari atakuleta saa kumi jioni siku ya bamvua, maji yanapokaribia miguu yako na jua limepoa. Mwambie utarudi kesho saa nne asubuhi. Kama bado utaipenda sehemu ile ikiwa ni tope tupu, lenye harufu yake, basi umeipenda kweli.

Kuna mamba? Kuna kiboko?

Hakuna. Wageni wa kutoka Bara wanauliza sana, na wana haki ya kuuliza, lakini ghuba hii haina mamba wala kiboko.

Kwa hiyo naweza kuogelea bila wasiwasi?

Bila wasiwasi, hapana. Kwa akili, ndiyo. Ogelea maji yakiwa yanajaa au yamesimama juu. Yanapoanza kutoka yanakusanyika kwenye mikondo, na mkondo wa maji yanayotoka unamshinda hata mwogeleaji mzuri. Mikondo mikubwa inaingia ndani ya mikoko huko kusini. Wa Mapopwe ndio unaotajwa zaidi, na si mahali pa mgeni kujaribia nguvu zake.

Hatari nyingine ni kuzungukwa. Unatoka na maji, unakwenda mbali unapiga picha, nyuma yako maji yanapita kwenye mabonde usiyoyaona, na ukigeuka kati yako na nchi kavu kuna maji ya kifua. Wanawake wanaolima mwani hawafikwi na hayo kwa sababu hawasubiri mpaka wayaone. Maji yakigeuka tu wanaanza kukusanya vitu vyao.

Vaa viatu, hata vya plastiki. Pita ukiburuza miguu, usiinyanyue, ili samaki aitwaye taa, aliyejizika mchangani, ashituke na kukimbia badala ya kukanyagwa. Ukichomwa na taa, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, maumivu yanapungua. Kisha nenda kituo cha afya, maana mwiba wake hukatikia ndani.

Nikae upande gani?

Inategemea unatafuta nini. Chwaka ndiko penye soko la samaki, maduka, gari nyingi na watu wengi. Marumbi ni padogo na pamepoa. Uroa iko kaskazini zaidi, karibu na bahari ya nje, na ina hoteli. Charawe na Ukongoroni ziko ndani, upande wa mikoko na msitu. Huko ndiko kimya cha kweli kilipo, na ndiko mahitaji yanapokuwa mbali.

Michamvi ni habari nyingine. Kutoka Chwaka unaiona kwa macho, na kwa mashua si safari ndefu, lakini kwa gari unarudi nyuma, unapita Jozani, Paje, Bwejuu, ndipo unapanda na rasi mpaka juu. Kwa upande wa kijiji cha Kae, rasi inatazama ghubani, kwa hiyo ukikaa pale utaona jua linazama juu ya maji, jambo ambalo pwani ya mashariki ni nadra. Hoteli zimelijua hilo zamani na bei za viwanja zinalijua pia.

Maji ya kunywa yanatoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaulizi mpaka wamekwishahamia.

Unguja inakunywa maji ya chini ya ardhi. Mvua inazama kwenye mawe, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, yanakaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwa chini. Kadiri unavyokaribia pwani, tabaka la maji baridi linakuwa jembamba. Ukichimba kisima kirefu karibu na ufuko kwa tamaa ya kupata maji mengi, unalitoboa tabaka lenyewe. Ukifunga pampu kubwa ukavuta kwa pupa, chumvi inapanda, na ikipanda haishuki kwa siku mbili.

Visima vya zamani vya vijijini vilichimbwa vifupi na kuvutwa kwa ndoo, na havikuwa vifupi kwa umaskini peke yake.

Ukioneshwa nyumba yenye kisima, usikionje baada ya masika. Mwezi wa Mei hata kisima kibaya kina maji matamu. Nenda Februari, jua limewaka wiki nyingi. Onja, kisha omba beseni na kipande cha sabuni uoshe mikono. Sabuni ikikataa kutoa povu na mikono ikabaki inanata, umepata jibu. Maji hayo yatafaa kumwagia ua na kuoshea vyombo kwa shida, lakini ya kunywa na ya kupikia utayanunua au utayachukua bombani.

Bomba la Mamlaka ya Maji limefika vijiji vikubwa, lakini maji hayatoki kila saa. Nunua tangi kabla hujanunua makochi. Na weka mfereji kwenye ukingo wa bati ukusanye mvua. Masika moja inajaza matangi mengi.

Na choo?

Choo na kisima ni swali moja. Ardhi yetu ni mawe yenye matundu, na kinachoingia karoni, yaani kwenye shimo la choo, kinapita kwenye nyufa bila kuchujwa kama kinavyochujwa kwenye udongo mzito. Jenga karo la kuta na sakafu ya zege, si shimo tu, na uliweke upande wa chini wa kisima, chako na cha jirani. Muulize jirani kisima chake kiko wapi kabla fundi hajaanza kupiga sururu. Kipindupindu Unguja tunakijua, na njia yake ni hii.

Naweza kununua ardhi?

Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais. Mzanzibari anapata haki ya matumizi. Asiye Mzanzibari anapitia njia ya ukodishaji wa muda mrefu kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo neno "nauza kiwanja" unalolisikia barazani lina maana nyembamba kuliko unavyodhani.

Yaliyobaki ni ya kijiji. Muone sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, mapema, kabla ya kutoa hata shilingi. Eka nyingi za pwani ni za ukoo, na mmoja wao anaweza kukuuzia huku wenzake wako Pemba, Dar es Salaam au Maskati, nao watakuja siku ya kuweka msingi. Minazi ina wenyewe, na mwenye minazi si lazima awe mwenye ardhi. Uliza kuna kaburi? Kuna njia ya kwenda pwani inayopita katikati? Njia ya wanawake ya kwendea mwani ukiizuia kwa ukuta, kijiji hakitakugombeza kwa sauti, lakini hutapata mtu wa kukuuzia hata tungule.

Nyumba ijengweje?

Kwa kuifikiria chumvi. Bati la kawaida linaoza kwenye misumari kwanza, halafu linatoboka. Bawaba, komeo na vyuma vya madirisha vinakufa upesi, na feni zinaanza kulia. Mbao nzuri inaishi kuliko chuma kibaya.

Usikubali fundi atumie mchanga wa pwani. Una chumvi, na chumvi ikiingia kwenye zege inaila nondo kutoka ndani. Nondo ikishika kutu inavimba, na boriti ya zege inapasuka na kumwaga vipande. Utaziona nyumba za namna hiyo ukitembea ukanda wote wa mashariki, zikiwa hazina umri mkubwa. Zaidi ya hayo, kuchimba mchanga kunataka kibali, na kuutoa ufukweni ni kuikaribisha bahari uani.

Nyumba za zamani za mawe na chokaa zenye paa la makuti zinapumua vizuri kuliko nyingi za sasa. Ila makuti yanabadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto wake hauna msamaha. Halafu vuta nyuma nyumba yako kutoka ufukweni. Sheria inataka nafasi, na hata isingetaka, bamvua kubwa lenye upepo wa kaskazi litakuonesha mpaka wake.

Kuna mikoko mbele ya kiwanja changu. Nikikata miwili mitatu nipate kuona maji kuna ubaya?

Upo. Mikoko ya Unguja haikatwi ovyo popote. Inataka ruhusa, na sehemu kubwa ya mikoko ya ghuba hii imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Mwaka 2016 UNESCO nayo ililitambua eneo hili kuwa hifadhi ya binadamu na viumbe hai. Kwa hiyo panga lako litakuwa na mashahidi wengi.

Sheria tuiache kando. Ghuba hii inazaa samaki kwa sababu mbili, mikoko na majani ya bahari. Chini ya mizizi ya mkoko ndipo vinapojificha vidagaa na kamba wadogo, na ndipo kaa anapochimba. Mkoko uitwao mchu unasimama hata kwenye mchanga unaopigwa na maji, ukiushika. Mkandaa na muia, mikoko ya aina nyingine, vinakaa nyuma. Hapo zamani kila nyumba ilitaka boriti za mkoko, na tanuri za chokaa zilimeza kuni nyingi. Pale palipokatwa kupita kiasi tope lililegea, na wazee wanakuonesha kwa kidole palipokuwa na miti.

Ukitaka kuona maji, jenga baraza juu.

Mbu?

Wapo, hasa masika na hasa karibu na mikoko. Wapo na usubi, ambao wavu wa kawaida wa dirisha hauwazuii; wanakuja alfajiri na magharibi upepo ukilala. Malaria imepungua sana Unguja tangu katikati ya miaka ya 2000, lakini haijaisha, na vipindi vingine hupanda tena. Lala kwenye chandarua. Homa ikija, kapime. Usijitibu kwa kubahatisha.

Hali ya hewa ikoje mwaka mzima?

Kaskazi inavuma takriban Disemba mpaka Machi: joto, na kwa kuwa mlango wa ghuba umeelekea huko, upande wa Chwaka unapata wimbi na taka za bahari. Masika inafuata, Machi mpaka Mei, na barabara za ndani zinageuka tope. Kusi inavuma katikati ya mwaka. Pwani ya nje, kwa akina Paje na Jambiani, bahari inachafuka, lakini sisi tumekingwa na Michamvi, na kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi kizuri kuliko vyote hapa. Usiku unaweza kutaka shuka zito. Vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Disemba, zisizotabirika.

Watu wanaishi kwa kazi gani? Nami nitapata nini cha kufanya?

Uvuvi na mwani, kisha kilimo cha maweni, biashara ndogo, hoteli, na kazi za serikali.

Uvuvi wa ghubani ni wa karibu: mitumbwi na ngarawa, mishipi, nyavu, madema. Dema ni mtego wa kusuka wenye mlango unaoingia kwa ndani, samaki akiingia hapati njia ya kutoka. Mvuvi analizamisha kwenye majani ya bahari, analiwekea mawe, na siku ya pili anarudi kulinyanyua. Wanaotoka humo ni tasi, pono na changu. Ghuba ina aina 11 za majani ya bahari, nao tasi na pono wanakula humo humo, kwa hiyo usiyaone yamerundikana ufukweni ukadhani ni uchafu wa kufagia.

Samaki wanauzwa mnadani pale pwani ya Chwaka. Nenda ukatazame hata kama hununui. Fungu linawekwa chini, mnadi anaanza bei, watu wanajibu kwa kichwa au kidole, na kabla hujaelewa limekwishapata mwenyewe na linaingia kwenye tenga la baiskeli au la pikipiki kwenda mjini. Mgeni akitaka samaki wa nyumbani asishindane na wachuuzi. Amwombe mwenyeji amnunulie.

Mwani ni kazi ya wanawake zaidi. Kilimo cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwa upande wa Paje na Jambiani, kisha kikaenea vijiji vya pwani. Ukiona kinamama wamekaa kivulini na kamba ndefu mapajani, tazama mikono yao: kipande cha mbegu kiasi cha ngumi, kitanzi cha tai-tai (uzi mdogo wa kufungia), fundo lisilobana sana mwani ukakatika wala lisilolegea maji yakauchukua, halafu kipande kingine, mpaka kamba iishe. Maji yakipwa kamba hizo zinakwenda kufungwa kwenye vigingi. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanabeba mzigo ulioloa mpaka nchi kavu, wanaanika, wanatia kwenye magunia. Bei ni ndogo kwa kazi ile, na tusidanganyane. Aina iitwayo kotonii inalipa zaidi lakini haistahimili maji ya moto ya kina kifupi. Inaugua, inageuka nyeupe na kukatika. Spinosamu inavumilia, na ndiyo yenye bei ya chini. Wengine sasa wanasaga na kutengeneza sabuni, na hao ndio wanaoona nafuu.

Wewe mgeni usikanyage mashamba yale. Vigingi vinaonekana wazi, na kila mstari una mwenyewe.

Kilimo chetu ni cha kwenye mawe: udongo umejaa kwenye mashimo tu, na jembe halizami. Muhogo, mtama, kunde, pilipili, tungule panapowezekana. Ukitaka bustani ya majani mabichi na nyasi za kukata, kakae Dole au Kizimbani.

Nimesikia wavuvi wanagombana humu ghubani. Kweli?

Ugomvi wa wenye madema na wenye nyavu za kukokota ni wa zamani. Nyavu za kukokota zimepigwa marufuku, lakini marufuku na usiku wa giza ni vitu viwili. Wavu ukiburuzwa unabeba dema la mtu, unang'oa majani, na unazoa samaki wadogo wasiofika kiganja. Mwenye dema anarudi asubuhi hakuti mtego wala samaki. Kamati za uvuvi za vijiji zipo kwa ajili ya hayo, zikisaidiwa wakati mwingine na doria, na zinafanya kazi vizuri pale wavuvi wenyewe wanapokubaliana kwanza.

Mgeni asiwe upande wowote. Na asinunue samaki wadogo, hata wakiwa rahisi.

Umeme na simu?

Umeme upo, wa tukuza, yaani wa kulipia kabla, na vocha unanunua kwa simu. Unguja inapata umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, wa kwanza wa mwaka 1980 na mwingine wa 2013. Waliokuwepo mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka kisiwa kizima kilivyokaa gizani. Siku hizi ni katikakatika za kawaida, zaidi masika. Simu na intaneti zinashika vizuri vijijini pwani, na zinapungua ukielekea Ukongoroni.

Usafiri?

Chwaka ni kilomita 30 na ushee kutoka mjini, lami tupu, kupitia Mwera na Dunga. Daladala zipo mchana. Jioni zinapungua na usiku hakuna. Mwalimu anayekusudia kukaa mjini na kufundisha Chwaka anaweza, lakini muulize baada ya Ramadhani moja kama bado anataka.

Nikifika tu, nifanye nini?

Nenda kwa sheha ukajitambulishe, na kitambulisho chako mkononi. Kama umepanga, mwenye nyumba akupeleke. Baadaye wapitie majirani. Ukifika mlangoni piga hodi na ungoje. Ukikuta ni wanawake peke yao, toa salamu na ueleze haja yako hapohapo nje. Mkubwa unampa shikamoo, bila kujali yeye ni mvuvi na wewe una shahada.

Kijiji ni cha Waislamu karibu wote. Nguo za kuogea ni za majini, si za dukani. Ramadhani hakuna kula wala kunywa hadharani mchana, hata kama wewe si Muislamu. Ukialikwa futari, nenda. Ukisikia msiba, nenda pia, hata kama marehemu humjui. Kukaa kwenye mkeka nusu saa kunakutambulisha kuliko mwaka mzima wa kupunga mkono.

Ni kimya kweli kama wanavyosema?

Kimya cha magari, ndiyo. Lakini kuna adhana tano, madrasa ya watoto alasiri, jogoo, mashine za maboti, na siku ya harusi taarabu mpaka usiku wa manane. Kuna na upepo kwenye minazi, ambao mtu wa mjini usiku wa kwanza hudhani ni mvua. Anayetaka kimya kitupu akalale Charawe.

Kima nao wanasumbua?

Kima punju, ambaye duniani anapatikana Unguja peke yake kwa asili, anakaa hasa Jozani na misitu ya jirani, na huingia mpaka mikokoni. Anakula majani zaidi, na nazi changa zikimkaribia hazikatai, jambo ambalo wakulima wa kandokando ya Jozani wamelalamikia muda mrefu. Usimlishe, usimkaribie, na ukiendesha gari kupita Jozani punguza mwendo. Gari zimeua wengi pale.

Watoto watasoma wapi?

Skuli za msingi zipo vijijini, na za sekondari kwenye vijiji vikubwa. Wafundishe kuogelea mwezi wa kwanza mliofika. Watoto wa hapa wanayajua maji tangu wanatambaa, wa kwako watawafuata popote, na hawatakuja kukuomba ruhusa.

Mtu akiugua usiku je?

Vituo vya afya vya vijiji vinafaa kwa homa, vidonda, kliniki ya mama na mtoto. Jambo kubwa linakwenda mjini, Mnazi Mmoja au hospitali nyingine ya serikali iliyo karibu zaidi na ulipo. Usiku hakuna daladala, kwa hiyo wiki ya kwanza tafuta watu wawili wenye gari kijijini, wawili kwa sababu mmoja anaweza kuwa amelala mjini. Chukua namba zao, kubaliana nao bei ya dharura mchana mkiwa hamna haraka, na uzibandike jikoni ambapo hata mtoto anaziona. Mama mjamzito asingoje uchungu akiwa Ukongoroni. Ahamie kwa ndugu wa mjini wiki kadhaa kabla.

Na aliyeumwa na nyoka asikatwe wala asifungwe kamba kwa kukazwa. Alazwe, kiungo kitulizwe kisitikisike, apelekwe.